Kabla ya kupakia msumeno wa pembe, soma kibandiko chake

Nyumba nyingi zinazojengwa Kigali, Kampala, Arusha na Bujumbura siku hizi hazimaliziki kwa rangi peke yake. Mwenye nyumba anataka sketingi, yaani ubao unaozunguka chini ya ukuta. Anataka kornishi pale ukuta unapokutana na dari. Anataka mbao zilizochongwa za kuzungushia fremu za milango. Kazi yote hiyo huishia kwenye pembe, na pembe isipofunga, mwenye nyumba huiona kila siku na fundi hupoteza kazi inayofuata.

Ndiyo maana mfanyabiashara anayevuka mpaka na vifaa vya ujenzi hupata agizo kama hili: “Mama, ukishuka Nairobi niletee msumeno wa pembe, wa bei nafuu.” Agizo hilo halitoshi. Misumeno miwili inaweza kufanana rangi na umbo, na mmoja ukafanya kazi miaka mingi huku mwingine ukiungua siku ya kwanza. Fundi ameshatoa kianzio, mtaji wako umelala kwenye chuma kilichokufa, na duka ulilonunua liko upande wa pili wa mpaka.

Bei iwe swali la mwisho. Kwanza soma kibandiko cha mashine, kisha uoanishe mambo matatu na kazi ya mteja wako: volti, ukubwa wa diski na tundu lake la katikati, na jinsi kichwa kinavyogeuka na kulala.

MASHINE YENYEWE NI IPI

Msumeno wa pembe ni mashine ya mezani yenye diski ya meno inayoshushwa kwa mkono juu ya ubao uliotulia. Ubao huegemezwa kwenye chuma kilichosimama nyuma ya meza, tutakachokiita egemeo. Aina rahisi kabisa hugeuka kushoto na kulia tu. Aina tunayoizungumzia hapa ni ya pembe mbili: meza yake hugeuka na kichwa chake hulala upande, hivyo mkato mmoja unaweza kubeba pembe mbili kwa pamoja. Uwezo huo unahitajika zaidi kwenye kornishi, kwa sababu kornishi haisimami wima wala hailali. Imeinama kati ya ukuta na dari.

Usiichanganye na mashine ya kukatia chuma ya wachomeleaji, ile yenye jiwe la inchi 14. Kwa mbali zinafanana, lakini ile ya chuma haikutengenezwa kwa vipimo vya nusu digrii. Wala usimruhusu muuzaji akushawishi kwamba moja hufanya kazi ya nyingine kwa kubadilisha diski. Jiwe la chuma likifungwa kwenye msumeno wa mbao hutoa cheche, na cheche zikiangukia unga wa mbao huwasha moto. Diski ya meno nayo ikifungwa kwenye mashine ya chuma inaweza kukosa kinga inayofaa.

Muulize pia fundi wako atakata nini. Kornishi nyingi madukani ni za jipsamu, plastiki au povu gumu. Ya jipsamu hukatwa vizuri kwa msumeno wa mkono na kisanduku cha kuongozea pembe, kifaa cha bei ndogo sana. Ukiikata kwa umeme vumbi lake jeupe huingia ndani ya mota. Msumeno wa pembe ni wa mbao, MDF na plastiki ngumu. Kama fundi wako anafanya jipsamu peke yake, kumletea mashine hii ni kumfunga kwenye deni asilolihitaji.

VOLTI KWANZA

Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo zote hutumia umeme wa kati ya volti 220 na 240, wa 50 Hz. Kwa mpya zilizoletwa kwa ajili ya soko letu, na kwa mzigo unaopita Dubai ambako umeme ni wa kiwango hichohicho, mara nyingi hakuna tatizo. Hatari iko kwenye vifaa vilivyotumika vinavyokuja kutoka mbali.

Vya Marekani ni vya volti 120. Vya Japani ni vya volti 100. Uingereza ndiyo yenye mtego: nyumba za kule zina umeme wa volti 230 kama wetu, lakini kwenye maeneo ya ujenzi mafundi hutumia vifaa vya volti 110 kupitia transfoma, kwa ajili ya usalama. Vifaa hivyo huwa na plagi ya manjano ya mviringo. Mtu akiikata plagi hiyo na kufunga ya kawaida ya pini tatu, hakuna dalili ya nje inayobaki isipokuwa kibandiko. Mashine inaonekana ni ya nyumbani kabisa, hadi itakapochomekwa.

Mota ya volti 120 ikipewa 240 hupokea umeme mwingi kuliko inavyoweza kubeba. Huunguruma kwa kasi isiyo ya kawaida, hutoa harufu, kisha huungua. Kabla ya kuungua, diski inaweza kuzunguka kupita kasi iliyoruhusiwa, na hapo si mota peke yake iliyo hatarini, bali pia uso wa fundi.

Muuzaji anaweza kukuambia, “Utanunua transfoma tu.” Piga hesabu. Msumeno wa Marekani wa volti 120 na ampea 15 unakula wati 1,800. Transfoma ya kuubeba, ikiachiwa nafasi ya mshtuko wa kuwaka, inakaribia VA 3,000. Ni kifaa kizito, kinasafirishwa kwa nauli yake, na fundi atakibeba kila anapohama kazi. Unafuu wa bei ya msumeno unaishia hapo.

Usihangaike na maandishi ya 60 Hz peke yake. Misumeno mingi ya waya ina mota za kaboni, na mota hizo hufanya kazi kwa 50 Hz na kwa 60 Hz. Namba ya volti ndiyo inayoua.

Misumeno ya betri haijasalimika. Betri haijali umeme wa nchi, lakini chaja inajali. Chaja ya soko la Marekani ikiandikwa 120V bila namba nyingine, itakufa kama mota. Inayofaa ni ile iliyoandikwa 220–240V, au 100–240V. Kwa fundi anayefanya kazi kwenye nyumba ambazo bado hazijaunganishiwa umeme, msumeno wa betri ni msaada mkubwa. Hata hivyo, mletee pale tu unapojua kwamba betri za chapa hiyo zinapatikana mjini kwake.

PLAGI, WAYA NA JENERETA

Mfanyabiashara anayetoka Nairobi, Kampala au Dar es Salaam kwenda Kigali, Bujumbura, Bukavu au Goma anavuka pia mpaka wa plagi. Upande wa mashariki soketi za kawaida ni za pini tatu za bapa. Rwanda, Burundi na Kongo hutumia za pini za duara. Usitegemee adapta ndogo ya kuchajia simu, kwa sababu mashine ya wati 1,800 huvuta karibu ampea 8 na adapta dhaifu huyeyuka.

Dawa yake ni kubadilisha plagi yenyewe kabla ya kumkabidhi mteja. Tazama kibandiko: mashine yenye alama ya mraba ndani ya mraba ina kinga ya umeme ya tabaka mbili, na waya wake huwa na nyaya mbili ndani. Isiyo na alama hiyo ina nyaya tatu, na ule wa ardhi haukatwi wala kuachwa ukining'inia. Lazima uingie kwenye pini yake.

Waya mrefu na mwembamba wa kuongezea pia huua mota polepole. Umeme hupungua njiani, mota hulemewa na kupata joto. Kwa mashine ya wati 1,800 na waya wa mita 25, nyaya za milimita za mraba 2.5 zinafaa. Kama waya umezungushwa kwenye gurudumu, fundi aufungue wote kabla ya kuutumia, kwa sababu ukibaki umejikunja hupata moto.

Kwa jenereta, usidanganywe na hesabu ya wati za kibandiko peke yake. Mota ikiwaka huvuta umeme mwingi zaidi kwa kitambo kidogo. Jenereta ndogo ya kVA 1 itazimika au kuuumiza msumeno. Kuanzia kVA 3 kwenda juu ni salama zaidi. Misumeno yenye mfumo wa kuwaka polepole huisumbua jenereta kidogo, na mteja wa vijijini atashukuru ukimweleza tofauti hiyo.

INCHI 10 AU INCHI 12?

Saizi husemwa kwa kipenyo cha diski. Inchi 10 ni milimita 254, inchi 12 ni milimita 305, na ipo pia ya milimita 216 ambayo hupendwa kwa wepesi wake.

Msumeno wa inchi 10 usio na reli hukata ubao wa upana wa takriban milimita 140 ukikatwa mraba, na takriban 90 ukikatwa kwa digrii 45. Wa inchi 12 usio na reli hufika karibu milimita 200 kwa mraba na 140 kwa digrii 45. Wenye reli, ambao kichwa chake huvutwa mbele na nyuma, hufika karibu milimita 300 hata ukiwa na diski ndogo. Vipimo kamili hutofautiana kwa kila aina, na huandikwa kwenye kitabu chake.

Namba ya kwanza si muhimu sana kwa kazi ya pembe za nyumbani. Namba inayoamua ni ile ya digrii 45, na kimo cha ubao unaoweza kusimamishwa kwenye egemeo. Sketingi ya milimita 90 husimamishwa na kukatwa kwa msumeno wa kawaida wa inchi 10. Sketingi ya milimita 140 haitapita hapo. Itahitaji msumeno wa inchi 12, au ilazwe mezani na kukatwa kwa kulaza kichwa, au itafutiwe wa reli.

Wengi huona kwamba kikubwa ndicho bora. Kwa kazi hii sivyo. Diski kubwa hutetema kwa urahisi zaidi kuliko ndogo ya unene uleule, na bei yake ni ya juu kila inaponunuliwa upya. Reli nazo, zikiwa za ubora mdogo, hulegea na kuharibu pembe. Uzito pia ni gharama. Msumeno wa inchi 10 usio na reli huwa na kilo 12 hadi 17 hivi na hubebeka kwenye bodaboda. Wa inchi 12 wenye reli mara nyingi hufika kilo 25 au zaidi. Mfanyabiashara hulipa nauli ya uzito huo kwenye basi, na fundi huulipia kila anapopanda ghorofa.

Kwa fundi wa sketingi, kornishi za kawaida na fremu za milango, msumeno wa inchi 10 wa pembe mbili, au wa milimita 216 wenye reli imara, unatosha. Karakana zinazokata pia mbao pana za rafu, ngazi na vizingiti, kama zile za Keko jijini Dar es Salaam, Ndeeba jijini Kampala au Gakinjiro kule Gisozi jijini Kigali, ndizo zitakazorudisha gharama ya mashine kubwa yenye reli.

KICHWA KILALE UPANDE MMOJA AU MIWILI?

Kuna njia mbili za kukata kornishi. Ya kwanza ni kuisimamisha kwenye msumeno kwa mwinamo wake, ikiwa imepinduliwa: ukingo wa dari unakaa mezani na ukingo wa ukuta unaegemea egemeo. Hapo fundi hugeuza meza digrii 45 tu na kukata, kichwa kikiwa wima. Ni njia rahisi kuikumbuka, lakini inahitaji egemeo refu.

Ya pili ni kuilaza kornishi chali mezani na kutumia pembe mbili kwa pamoja. Namba zake hutegemea mwinamo wa kornishi. Inayosimama kwa digrii 45 kutoka ukutani hukatwa kwa kugeuza meza digrii 35.3 na kulaza kichwa digrii 30. Inayosimama kwa digrii 38 kutoka ukutani, aina ya kawaida Marekani, hukatwa kwa 31.6 na 33.9. Ndiyo maana baadhi ya misumeno ina alama za 31.6 na 33.9 ambazo wauzaji wengi hawajui kazi yake. Mfanyabiashara anayeweza kumweleza fundi alama hizo hahitaji maneno mengi ya kuuzia.

Namba hizi zote ni za kona ya digrii 90, na kuta zetu si zote zilizosimama mraba. Kona ikiwa ya digrii 92, sketingi ya kila upande hukatwa kwa 44. Kwa hiyo chagua msumeno ambao meza yake, pamoja na kujifunga yenyewe kwenye 0, 22.5 na 45, inakubali kukazwa kwenye digrii yoyote katikati bila kurudi kwenye tundu la karibu.

Sasa swali la kichwa. Kinacholala upande mmoja humlazimu fundi kugeuza ubao kila anapohama kutoka kona ya kushoto kwenda ya kulia. Inawezekana, lakini kwenye ubao wa mita 4 ndani ya chumba kidogo ni usumbufu, na kugeuza huko huzaa makosa. Kinacholala pande zote mbili huondoa kazi hiyo. Kwa anayetengeneza nyumba yake mwenyewe, upande mmoja unatosha na bei hushuka. Kwa fundi anayelipwa kwa chumba, pande mbili hurudisha fedha yake.

DISKI NA TUNDU LAKE

Diski iliyomo ndani ya boksi mara nyingi ni ya kazi za kawaida, yenye meno 24 hadi 40. Hiyo huchana kingo za MDF na kung'oa rangi kwenye mbao zilizokwisha kupakwa. Kwa mapambo ya nyumba, diski ya inchi 10 iwe na meno 60 hadi 80, na ya inchi 12 iwe na 80 au zaidi, yenye ncha ngumu za kabaidi. Meno yaliyoelekea mbele kidogo tu, au yaliyorudi nyuma kidogo, hukata kwa utulivu bila kuuvuta ubao.

Kisha pima tundu la katikati, kwa sababu hapa ndipo mzigo mzuri unapogeuka kuwa chuma kisicho na vipuri. Misumeno ya Ulaya kwa kawaida huchukua diski zenye tundu la milimita 30. Ya Marekani ya inchi 10 huchukua tundu la milimita 15.88, na ya inchi 12 huchukua 25.4. Nyingine za Asia huja na 25.4 au 30 kulingana na soko. Tundu kubwa linaweza kupunguzwa kwa pete maalumu iliyokaa sawasawa. Tundu dogo halipanuliwi kwa tupa wala kwa dreli, kwani likikosa kuwa katikati kabisa, diski itatetema kwa maelfu ya mizunguko kwa dakika.

Kabla ya kununua msumeno, kwa hiyo, uliza duka la vifaa la mjini kwa mteja wako linauza diski za tundu gani. Tazama pia kasi ya juu iliyoandikwa kwenye diski. Lazima iwe kubwa kuliko ile ya mashine, ambayo kwa misumeno hii huwa karibu 4,000 hadi 5,000 kwa dakika. Diski na kaboni za mota huisha na hununuliwa tena na tena. Fundi aliyekuamini kwa msumeno atarudi kwako kwa vitu hivyo kwa miaka.

JARIBU KABLA YA KULIPA

Usinunue kwa kuutazama. Omba uchomekwe umeme, na uje na ubao wako ulionyooka wa upana wa milimita 100 hivi. Weka msumeno kwenye sifuri, kata, kisha pindua kipande kimoja juu chini na ukiunganishe na mwenzake kwenye mkato. Vikifunga bila mwanga kupita katikati, msumeno uko sawa. Pengo ukiliona, ni mara mbili ya kosa halisi. Kosa la digrii 1 kwenye ubao wa upana huo huacha pengo la karibu milimita 3.5, na pengo hilo rangi hailifichi.

Pengo peke yake si sababu ya kuukataa msumeno, kwani mingi ina skrubu za kurekebishia. Uombe urekebishwe mbele yako, kisha kata tena. Usioshika marekebisho ndio wa kuachwa.

Zima umeme, shika kichwa, kisukume kushoto na kulia. Kikicheza kwenye kiungo chake, hakuna skrubu itakayokuokoa. Vuta reli, kama zipo, zipite bila kukwama. Inua kichwa uone kinga ya chini ikirudi yenyewe kufunika diski. Kinga iliyofungwa kwa waya au iliyong'olewa ni sababu ya kutosha ya kuondoka dukani. Tazama boksi lina jiriwa ya kubania ubao, spana ya kufungulia diski na kitabu cha maelezo.

Jihadhari na bidhaa bandia. Kibandiko kilichobanduka, kisicho na namba ya mashine au chenye jina la chapa lililokosewa herufi kinatosha kukuonya. Pima uzito pia. Mashine iliyo nyepesi mno kuliko kitabu chake kinavyosema huenda imepunguziwa shaba ndani ya mota au chuma kwenye meza.

Mweleze mteja mambo ya usalama bila kungoja akuulize. Mikono ikae angalau sentimita 15 kutoka diski, vipande vifupi vibanwe kwa jiriwa, na kichwa kisiinuliwe hadi diski isimame. Vumbi nalo si la kupuuzwa: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mfuko wa vumbi unaokuja na msumeno hukusanya sehemu tu. Barakoa nzuri na miwani ni bidhaa unazoweza kuzibeba katika safari hiyohiyo.

MPAKANI

Wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanaujua utaratibu uliorahisishwa wa biashara, unaohusu mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani na kutumia cheti rahisi cha uasili. Utaratibu huo ni kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye asili ya nchi wanachama. Msumeno uliotengenezwa China, Ujerumani au Taiwan haupati asili ya Kenya kwa sababu tu ulinunuliwa Nairobi. Ukibeba misumeno 5 ya dola 180 kila mmoja, jumla ni dola 900, chini kabisa ya kiwango hicho, lakini cheti rahisi hakikufai.

Bidhaa kutoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa pamoja wa forodha, wenye viwango vya asilimia 0, 10, 25 na 35, kiwango cha mwisho kikiwa kilianza Julai 2022. Kiwango cha mzigo wako hutegemea fungu la ushuru linaloandikwa kwenye tamko la forodha, kwa hiyo muulize ofisa wa forodha au wakala mwenye leseni kabla ya safari, ukiwa na jina kamili la mashine na picha ya kibandiko. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya nchi unakoingiza: asilimia 16 Kenya, asilimia 18 Uganda na Rwanda. Mamlaka za viwango za nchi unakopeleka nazo zinaweza kutaka kuukagua mzigo.

Dai risiti halali ya dukani yenye jina la mashine na namba yake. Risiti hiyo huonyesha thamani ya kweli, ili usikadiriwe bei ya juu. Pia ndiyo inayokupa nguvu ya kudai dhamana. Uliza wazi kama dhamana inaheshimiwa ng'ambo ya mpaka au ni lazima mashine irudishwe dukani. Jibu likiwa la pili, iongeze nauli ya kwenda na kurudi kwenye hesabu zako kabla ya kupanga bei.

MASWALI YA KUMPIGIA FUNDI SIMU

Kabla ya kupanda basi, mpigie mteja na uandike majibu yake:

1. Unakata mbao, MDF, plastiki au jipsamu?
2. Sketingi na kornishi yako pana kuliko zote ina milimita ngapi?
3. Kazini kuna umeme, jenereta ya kVA ngapi, au hakuna kabisa?
4. Soketi zako ni za pini bapa au za duara?
5. Maduka ya hapo kwenu yanauza diski za tundu la milimita ngapi?
6. Unakata kila siku, au ni kwa nyumba yako tu?

Ukiwa dukani, piga picha ya kibandiko na umtumie kwa simu kabla ya kutoa fedha. Volti, kipenyo cha diski na tundu vikilingana na majibu yake, ndipo muulize muuzaji bei. Visipolingana, rudi na kianzio cha fundi mfukoni umweleze sababu. Atakutuma tena safari ijayo.